Kumsahihisha Mwalimu Aliye Harusini

Nakumbuka siku moja ya msimu wa asali, mwanangu, nilipokaa kwenye ghala la Sikonge tangu asubuhi hadi adhuhuri nikiwa na jibu mdomoni na nikashindwa kulitoa. Najua unacheka kila ninapokuita mwanangu, maana nywele zangu bado nyeusi. Lakini katika kazi hii yetu ya kompyuta, mtu aliyekuwa anasimika programu wakati wewe unajifunza kuandika jina lako ni mzee wako. Vumilia tu.

Nilikuwa nimetoka chuo karibuni. Mimi na mwenzangu Pili tulifanya kazi Tabora mjini chini ya Mwalimu Ramadhani, mtu aliyetufundisha karibu kila tulichokijua. Akina mama warina asali wa Sikonge walikuwa wamepata mnunuzi mpya, naye alikuwa na sharti: kila ndoo iwe na lebo inayoonyesha asali imetoka kwa nani na katika msitu upi. Bila lebo gari lake lingeondoka tupu, na asali ingebaki kwa walanguzi kama miaka yote. Gari lilikuwa linakuja alasiri ile ile.

Programu ya kutengeneza lebo ilikuwa programu huria, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuirekebisha. Mwalimu aliiandaa kwenye kompyuta yake, akatupa kwenye flashi, akasema, "Faili la mipangilio msiliguse, nimeshaliweka sawa." Kisha akapanda treni kwenda Urambo kumwoza mpwa wake.

Ndoo zilikuwa zimefika kabla yetu, nyingine zimeletwa kwa baiskeli kutoka porini. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Salome, akatupokea kwa "Mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, na kwa chai iliyotiwa asali, halafu akakaa kwenye benchi mbele yetu kama mtu anayetazama mpira.

Tukasimika. Kwa faida yako uliyeanza juzi: programu hatukuiweka moja kwa moja kwenye kompyuta, tuliiweka ndani ya kontena. Kontena ni kama chumba kilichofungwa ambamo programu inaishi na vyombo vyake vyote, isigombane na majirani. Vyumba vyetu vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha programu ya lebo, kingine cha kanzidata, yaani mahali yalipohifadhiwa majina ya wanachama na misitu yao. Kanzidata ikaamka vizuri. Programu ikaamka, ikahema kidogo, ikazimika. Tukaiwasha tena. Ikazimika.

Nikafungua kumbukumbu zake, yale maandishi ambayo programu huyaacha ikieleza ilichofanya, nikayasoma kuanzia juu. Ilikuwa imetafuta kanzidata kwenye anwani ya localhost, ikakataliwa. Anwani hiyo maana yake ni "hapa hapa nilipo". Kwenye kompyuta ya Mwalimu, ambako kila kitu kilikaa pamoja, ilikuwa sahihi. Ndani ya kontena, "hapa hapa" ni ndani ya chumba chenyewe. Programu ilikuwa inapiga hodi kwenye ukuta wake wa ndani, huku jirani yuko chumba cha pili anangoja kuitwa kwa jina. Nikaingia ndani ya kontena, nikaiita kanzidata kwa jina lake. Ikaitika mara moja.

Basi nilikuwa nimejua. Neno moja tu la kubadilisha, nalo liko kwenye faili la Mwalimu.

Unajua tulivyolelewa huku kwetu. Mkubwa akikosea mbele yako, unatazama pembeni na kungoja agundue mwenyewe. Nikalifunga faili. Nikaanza kufuta kontena na kulijenga upya ili nionekane nafanya kazi. Pili naye akawa anachomoa na kuchomeka waya wa printa, waya usio na ugonjwa wowote.

"Mabinti," Mama Salome akasema, "huo waya mnaukamua? Maziwa yatatoka kweli?"

"Tunahakikisha, mama."

"Haya, hakikisheni. Nyuki wameshamaliza kazi yao. Tumebaki kuwangoja ninyi."

Wenzake wakacheka mpaka wakaegemeana.

Tulipotoka nje kunawa mikono, Pili akaninong'oneza, "Zena, nikikwambia kitu hutasema sina adabu?"

"Sema."

"Ile anwani kwenye faili la Mwalimu..."

"Umeiona?"

"Tangu tulipokunywa chai."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Tukatazamana, tukaangua kicheko palepale kwenye bomba. Kilikatika tulipoona akina mama wameanza kufagia uwanja ili gari lipate mahali pazuri pa kugeuzia.

"Tubadilishe kimya kimya," Pili akasema.

"Alisema tusiguse."

"Basi mpigie."

"Mpigie wewe."

"Wewe ndiye mkubwa!"

Nikapiga. Simu ikapokelewa katikati ya ngoma na vigelegele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu! Sikonge hawajambo?"

Hawajambo, nikasema. Nikamuuliza hali yake, hali ya mkewe, ya bibi harusi, ya bwana harusi, mvua za Urambo na tumbaku ya huko. Pili akanifinya.

"Zena," Mwalimu akasema, "umenipigia kunisalimia au kuna jambo?"

"Labda ni mimi sijaelewa vizuri, Mwalimu. Pengine ni macho yangu. Ile anwani ya kanzidata..."

"Inasemaje?"

"Localhost, Mwalimu. Na sisi tuko ndani ya kontena."

Kikaja kicheko kikubwa hadi nikaitoa simu sikioni.

"Nimeiacha? Lo, mtu mzima mimi! Nilikuwa naijaribu nje ya kontena, nikasahau kuirudisha. Badilisha sasa hivi! Hebu ngoja. Umeiona saa ngapi?"

"Asubuhi, Mwalimu."

Kicheko kikakoma. "Asubuhi! Na akina mama wamekaa hapo wanangoja adabu yako iishe? Sikiliza, binti. Programu hiyo imeandikwa na watu tusiowajua, wakaiacha wazi ili yeyote akiona kosa aseme. Hawakuogopa kusahihishwa na binti wa Tabora. Mimi ni nani? Mimi nisalimie, nipishe kiti, nipokee mzigo. Faili halina mvi. Lisahihishe! Haya, bibi harusi anaingia." Akakata.

Nikabadilisha neno lile. Programu ikaamka, na safari hii ikabaki macho. Printa ikakoroma, ikatoa lebo ya kwanza, na jina lililoandikwa lilikuwa la Mama Salome. Akalisoma kwa sauti, akalisoma tena, kisha badala ya kuibandika kwenye ndoo akaibandika kifuani mwake na kuanza kucheza katikati ya ghala. Ikabidi tumchapie nyingine. Gari lilipofika bado tulikuwa tunabandika, na dereva akapewa kitambaa afute ndoo kama watu wengine. Asali yote ikaondoka. Akina mama wakaisindikiza kwa nyimbo za Kinyamwezi hadi vumbi la barabarani likatulia.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu juzi ulisimama nyuma ya kiti changu, ukaitazama skrini yangu, ukakohoa. Nilipokuuliza ukasema, "Hakuna kitu, mama," ukaenda zako. Nimekitafuta hicho kisicho kitu mpaka nimekiona. Nilisahau kuipa kanzidata mahali pa kudumu pa kuhifadhi, na siku kontena lingefutwa, taarifa za watu zingefutika nalo. Wewe uliliona hilo, ukaniheshimu kwa kunyamaza.

Usiniheshimu hivyo. Programu ikikwama, soma inachokuambia mpaka mwisho kabla hujaanza kufuta na kujenga. Jiulize inaongea ikiwa imesimama wapi. Ukishajua kosa liko wapi, liseme saa hiyo hiyo, hata kama aliyelifanya ndiye aliyekufundisha kulitambua, kwa sababu kuna mtu amekaa kwenye benchi anawangoja nyote wawili. Anza na shikamoo, kisha useme.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi mpole wa kusema, mwanangu. Nami anijalie, kila utakaponisahihisha, nicheke kwanza.