Maneno Matupu

Vita vilipopora maktaba ya shule, kurasa zake zilihamia soko la Baraka kufungia mandazi. Juzi, sisi wateja tukila, mwalimu mmoja alimwonyesha muuzaji karatasi yenye mafuta.

"Mama, hii si gazeti ya picha! Iko jarida ya wachunguzi wa mimea, inaeleza ugonjwa wa mihogo yetu. Dawa iko ku ukurasa wa mwisho, wenye orodha ya vitabu. Ukurasa huo uko wapi?"

"Mwalimu, ya picha nilibandika ku ukuta. Hii ya maneno matupu ndio inanyonya mafuta muzuri!"

Tulicheka, mimi zaidi ya wote, mdomo umejaa. Kisha nikafungua kiganja na kumpa mwalimu karatasi yangu. Orodha ya vitabu ilisomeka vizuri kabisa. Kipande chenye dawa nilikuwa nimekichana na kujifutia midomo.