Mla Maharage na Friza ya Mama Brago

Ukifika kwenye gereji zetu za Suame, hapa Kumasi, usijisumbue kumtaja jina Kwadwo Antobam. Uliza tu yule jamaa anayepita mlangoni kiubavuubavu. Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, na kifua kile kimetoka upande wetu. Baba yake alikuwa kama mwiko.

Ni fundi wa injini. Vyuma vyake vya mazoezi kavichomelea mwenyewe, kutoka mabaki ya malori. Na nyama haonji, wala samaki, wala yai, wala maziwa. Aliacha siku alipotumwa machinjioni kupeleka matairi chakavu, akakuta ngozi ya ng'ombe inababuliwa kwa moto wa matairi yaleyale. Mwanzoni alikonda kama spoku, maana alikula muhogo na majani ya magimbi basi. Nilimcheka mpaka nikapaliwa. Ndipo akaongeza maharage, sahani ya mlima, na karanga, na soya, na uji wa uwele. Misuli ikaitika!

Sasa huyu bwana akampenda Abena, binti wa Mama Brago, muuza nyama ya ndezi, wale panya wakubwa wa porini. Tukaenda kubisha hodi kwao na kinywaji chetu, ndivyo tunavyoposa huku, mimi mjomba ndiye msemaji. Mama akaandaa fufu, ule ugali wetu wa kutwanga, na supu ya nyama. Kwadwo akasogeza bakuli pembeni kwa adabu.

"Supu yangu ina nini, kijana?"

"Haina kosa, Mama. Mimi nyama sili."

Mama akanigeukia. "Mjomba, umeniletea mkwe au mbuzi? Mwanangu akiugua nani atambeba, huyu mla majani?"

Akaturudishia kinywaji chetu. Kwetu hilo ni jibu tosha. Abena alilia jikoni tukamsikia wote.

Wiki ile umeme ukakatika. Friza ya Mama imejaa nyama aliyoagizwa kwa ajili ya msiba mkubwa, na mwenye jenereta ni mpangaji wa ghorofa ya juu. Ikabidi friza ipelekwe juu kwake, na Mama hakutaka ifunguliwe, baridi isitoroke, ipande hivyohivyo na nyama yake. Wanawe wawili, waliolelewa kwa ndezi tangu meno ya kwanza, wakainyanyua, wakaishia ngazi ya tatu wakihema. Abena akamwita Kwadwo, nami nikamfuata.

"Leo utabeba nyama, wewe?" nikamchokoza.

"Sibebi nyama, Mjomba. Nabeba friza ya mama yake Abena."

Akashika upande wa chini peke yake, kule uzito unakolalia. Wale wawili wakashika juu.

"Pandeni basi, mashemeji! Mbona mnanilalia?"

"Tu... tunapanda!"

Walipofika, mashemeji walijitupa sakafuni kama nguo za kufua. Kwadwo yeye anauliza swichi iko wapi.

Mama Brago akamfinya mkono, vile anavyokagua paja la paa sokoni.

"Maharage haya?"

"Na karanga, Mama."

Akaniambia bila kunitazama, "Mjomba, Jumapili mje mbishe tena. Nitapika supu ya uyoga, hata unga wa dagaa sitii. Na wewe Abena, acha kuchekacheka hapo mlangoni, nenda kaloweke maharage. Mengi!"