Pedali ya Kushoto

Siku niliponunua gari langu, muuzaji alimkabidhi ufunguo kaka yangu.

Nilikuwa nimesimama palepale, mkoba begani. Mimi ndiye niliyelichagua gari lile kati ya magari yote yaliyopangwa kwenye ile yadi, yakiwa na vumbi mpaka kwenye vioo. Mimi ndiye niliyerudi kulitazama kila nilipopata nafasi. Lilinunuliwa kwa jasho la cherehani zangu kule Kamwokya, ninakoshona sare za shule. Kaka nilimwomba anisindikize tu, kwa kuwa yeye ni dereva wa kazi: anamwendesha mkubwa mmoja wa serikali katika pikapu kubwa ya giya za mkono, na tangu aipate kazi hiyo hakuna mtu nyumbani kwetu anayeruhusiwa kusema neno kuhusu magari.

"Bosi," muuzaji alimwambia, "hii ni haibridi. Injini hutaisikia. Unabonyeza hapa, inawaka."

"Naijua," kaka akasema.

"Na hii giya, bosi, ukiisukuma inarudi yenyewe katikati. Uangalie kwenye dashibodi uko wapi."

"Naijua hii."

Nikauliza, "Na hendibreki iko wapi? Siioni."

Muuzaji akamjibu kaka. Akamwonyesha kwa kidole pedali ndogo iliyojificha kushoto kabisa, karibu na mlango, chini gizani penye miguu. Kaka hakuinama hata kuitazama. Alikuwa ameshakaa, anarudisha kiti nyuma kitoshe miguu yake mirefu. Mimi nilipanda upande wa abiria katika gari langu mwenyewe, nikafunga mkanda, na tukaondoka huku mwanamke wa Kijapani akitusalimu kutoka ndani ya redio kwa sauti nyembamba ya adabu. Huyo mwanamke ndiye mtu pekee siku hiyo ambaye hakuniudhi.

Nilikuwa na hasira, lakini nilijiambia ni hasira ndogo, itapita.

Jumapili zilizofuata nilijifunza gari peke yangu. Nyumba tunayopanga mimi na mama ina uwanja mdogo wa kokoto, na mchana wa Jumapili majirani wengi huwa kanisani au wamelala. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani chote. Nilikipiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa ili simu initafsirie, na tafsiri zenyewe zilikuwa za ajabu. Ukurasa mmoja ulinitaka nikiombe ruhusa kioo cha nyuma. Lakini michoro ilisaidia. Nilijua ni kitufe kipi kinaondoa ukungu kwenye kioo cha mbele na kipi kinaondoa cha nyuma. Nilijua kwamba vaipa ya nyuma huwashwa kwa kuzungusha ncha ya mkono uleule wa vaipa za mbele. Nilijua kwamba gari halikubali kutoka kwenye P mpaka mguu uwe juu ya breki. Nikajifunza giya ile inayorudi katikati: ukiisukuma harakaharaka haikusikii, lazima uishikilie kidogo mpaka herufi ibadilike mbele yako. Na nikajifunza ile pedali ya kushoto. Ukiikanyaga mara moja, gari limefungwa breki. Ukiikanyaga tena, umelifungua. Niliikanyaga mara nyingi, ikitoa mlio wake wa krrr, mpaka mguu ukazoea.

Mama alikuwa akinitazama kutoka mlangoni, mguu wake wenye kidonda ameuweka juu ya kigoda. Ni mjane wa polisi. Yeye na baba walitoka kaskazini, wakatulea katika kambi ya polisi ambako kila nyumba ilikuwa na kabila lake, na ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha yetu watoto kabla ya nyingine zote. Kambini mama alijifunza kwamba mwanamume akiwa na cheo, nyumba nzima inakitunza cheo hicho.

"Kaka yako angekufundisha," aliniambia.

"Hajui."

"Dereva hajui gari?"

Kaka alikuwa akija katikati ya juma, anachukua ufunguo mezani bila kuomba, anasema anakwenda "kulizoesha barabara." Akilirudisha, kiti kiko nyuma kabisa, redio imehamishiwa kwenye kituo cha mpira, na ndani kunanuka nyama choma. Kila asubuhi inayofuata nilirudisha kiti mbele huku nikimtukana kimoyomoyo. Nilipomwambia aniombe kwanza, alicheka, akamwambia mama, "Sikia huyu. Gari limempanda kichwani."

Mama naye akacheka.

Asubuhi ya tukio lenyewe tulikuwa tunampeleka mama kliniki, kule juu Kibuli, kubadilishwa bendeji. Nilikuwa nimejiandaa kuendesha. Kaka akatokea, siku yake ya mapumziko, shati limepigwa pasi, akanyoosha mkono.

"Lete. Kule kuna kilima. Wewe hujazoea."

"Nimezoea."

"Mpe ndugu yako," mama akasema, ameshaingia kiti cha nyuma. "Tusichelewe."

Nikampa. Mpaka leo nikikumbuka jinsi ufunguo ulivyotoka mkononi mwangu, taya zinakaza.

Tulipoacha barabara kuu na kuanza kupanda, jamu ilikuwa imeshakamata. Watu wa msikitini, wanafunzi, wagonjwa, bodaboda zimejipenyeza kwenye kila upenyo. Tukasimama mahali penye mwinuko mkali. Kaka akafanya alivyozoea katika pikapu yake: akatoa giya, akaiweka N, gari likawa huru, kisha mguu wake wa kushoto ukaenda kutafuta klachi. Ukaikuta ile pedali. Krrr. Gari likafunga breki, na yeye akatulia, akaondoa miguu yote, akaanza kusoma ujumbe kwenye simu.

"Hiyo uliyokanyaga ni hendibreki," nikamwambia.

"Ni klachi."

"Gari hili halina klachi."

"Dada, nyamaza. Mimi naendesha tangu wewe unashona vifungo."

Gari la mbele likasogea. Kaka akapiga giya kwa kiganja, haraka, kama anafukuza nzi, na gari halikuisikia. Herufi mbele yake ikabaki N. Niliiona. Nikasema, "Bado iko N! Kanyaga breki!" Yeye akakanyaga pedali ya kushoto tena, kwa nguvu, akaongeza mafuta. Breki ikafunguka, injini ikakaa kimya, na tukaanza kurudi nyuma.

Si kwa kasi. Ilikuwa taratibu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu nafasi ya kuokoa ilikuwepo na yeye alikuwa akiimaliza kwa kubishana na kiatu chake. Mama akapiga kelele. Pikipiki ikapiga honi nyuma yetu, honi ndefu, halafu ukaja mshindo wa bati, halafu mtu akalia.

Tukasimama juu ya gurudumu la mbele la bodaboda. Kaka alikuwa ameinua mikono yote kutoka kwenye usukani.

"Itoe," akaniambia. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Itoe wewe. Mimi siielewi."

Alikanyaga breki nilipomwelekeza, nikabonyeza P mwenyewe kutoka upande wangu, akashuka. Nikazunguka mbio. Kiti kilikuwa nyuma sana, ikabidi nikae ukingoni kabisa ndipo mguu ufike. Nikakanyaga breki, nikashikilia giya mpaka D ikaonekana, nikalisogeza gari mbele polepole huku watu wakipiga bodi kwa viganja na kunisihi niende taratibu, "Mpola, mpola!" Nikaliweka pembeni, nikafunga kila kinachofungwa. Nilijisikia fahari, nasema kweli. Kwa muda mfupi, katikati ya balaa lile, nilikuwa mtu anayelijua gari lake.

Hapo ndipo afisa wa trafiki alipofika dirishani, mwanamke mwenye sare nyeupe, na akanikuta mimi kwenye usukani.

"Nnyabo," akaniita kwa heshima, "shuka."

Nikashuka. Mwenye bodaboda alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara ameshika kifundo cha mguu, anaguna. Kilikuwa kimeanza kuvimba. Gurudumu lake lilikuwa limepinda. Nikamwendea kwanza, nikamuuliza kama anaweza kuvigeuza vidole. Aliweza. Vioo vyetu vya nyuma ni vyeusi. Yeye hakuona kitu zaidi ya matako ya gari yakimjia.

Nilipogeuka, kaka alikuwa tayari anaongea na afisa, taratibu, kwa ile sauti ya watu wanaovaa vyeo.

"Ni dada yangu," alikuwa anasema. "Gari ni yake, mpya. Bado anajifunza."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nani anajifunza?" nikauliza. "Wewe ndiye ulikuwa unaendesha!"

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama afisa, na usoni pake kulikuwa na tabasamu la kuomba radhi, tabasamu la mtu mwenye dada mgumu. Baadhi ya watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema wanawake na haya magari ya kubonyeza. Afisa akatutazama sote wawili, kisha akafungua mlango wa nyuma.

"Mama," alisema kwa upole, "wewe mtu mkubwa. Niambie ukweli. Nani alikuwa anaendesha?"

Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alinitazama. Nataka hilo lieleweke: hakuchanganyikiwa, hakuwa amezidiwa na maumivu, alinitazama machoni, mimi ninayemwosha kile kidonda jioni na asubuhi.

"Huyu msichana wangu," akasema.

Sikulia. Sikupiga kelele tena. Nikatoa leseni yangu nikampa afisa. Nilimwahidi mwenye bodaboda kwamba gurudumu nitalitengeneza mimi, na matibabu yake pia, na nikatimiza. Yeye hakuwa na kosa lolote. Kaka alisimamisha boda nyingine. Alisema ana dharura kazini, siku yake ya mapumziko.

Nilimpandisha mama mpaka kliniki. Nilingoja bendeji ibadilishwe. Nikamrudisha. Nilisubiri mpaka nimkalishe kwenye kiti chake na mguu uwe juu ya kigoda.

"Kwa nini?"

Alijua nauliza nini. "Kule kazini wameshamwonya. Aligonga lango la mkubwa wake. Akipata kesi nyingine ya gari, wanamfukuza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo angepoteza kazi. Wewe ungepoteza nini? Una cherehani zako. Hakuna wa kukufukuza."

Alisema kana kwamba ananisifia. Ndivyo alivyoona: mimi nina nguvu, basi mimi nibebe. Nikamwambia nimepoteza mama siku ile, pale barabarani, mbele ya wapita njia. Akasema nisiongee maneno makubwa. Akaomba chai. Nikampikia chai, kwa sababu alikuwa mgonjwa, na nikaiweka mezani kwa nguvu hadi ikamwagika.

Nilipokwenda kituoni kufuata leseni yangu, nilimkuta afisa yuleyule. Nilimweleza kila kitu, pedali, giya, N. Alinisikiliza mpaka mwisho. Naamini aliniamini.

"Unataka niandike kwamba mama yako alidanganya polisi?" akaniuliza.

Nikasema hapana, na kosa likabaki langu. Nilitoka nje nikapiga teke gurudumu la gari langu mwenyewe, mbele ya askari wa lango, nikaumia kidole.

Kaka hakuonekana kwetu kipindi kirefu. Halafu Jumapili moja akaja na mfuko wa sukari na mchele, akaketi karibu na mama, akaongea habari za kanisa. Hakulitaja lile jambo. Aliponyanyuka, alinyoosha mkono kuelekea mezani. Kulikuwa na harusi ya rafiki yake kule Kasubi, alisema, na hawezi kufika kwa boda akiwa na suti.

Niliufunika ufunguo kwa kiganja.

"Hapana."

"Masaa mawili tu."

"Hapana. Hutakaa tena kwenye kile kiti. Leo wala siku nyingine."

"Mpe ndugu yako," mama akasema.

"Mama, na wewe nyamaza."

Sijawahi kumwambia mama yangu hivyo. Kaka alinitazama kama mtu aliyeguswa na waya wa umeme, kisha akamtazama mama, akisubiri aninyooshe. Mama akaanza kulainisha kitambaa cha meza kwa vidole. Kaka akaondoka na suti yake akiwa juu ya boda, vumbi la mtaa likimsindikiza, na mimi nikasimama dirishani nikilitazama vumbi lile kwa raha.

Mama hakuniongelesha kwa siku kadhaa. Ilipofika siku ya bendeji, alikuja mwenyewe mpaka kwenye gari, akichechemea, akasimama akingoja nimfungulie. Nikamfungulia. Sikumwomba msamaha, naye hakuniomba. Nilikanyaga breki, nikawasha, mwanamke wa Kijapani akatusalimu, na tukapanda Kibuli bila neno, mimi nikiendesha vizuri kabisa, nikiwa bado na hasira.