Mahali Unakwenda Hakuna Miiba

Jumamosi usiku ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Jumapili saa nane mchana alikuwa amelala kwenye vumbi miguuni pangu, ngozi ya shavu imebabuka, watu wanasukumana wapate nafasi ya kumpiga teke.

Na mimi ndiye niliyempigia simu aje.

Wengi wenu mmeiona ile video iliyozunguka kwenye magrupu. Wengine mmeandika eti muuaji kapata dawa yake. Hebu tulieni niwasimulie, maana nilikuwepo, na kuna sehemu yangu ambayo aliyekuwa anarekodi hakuipata.

Naitwa Jerioth. Kwetu ni Meru, lakini huu ni mwaka wangu wa sita Juba. Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini, na ndipo tuzo za filamu zilipofanyika.

Tuko watu watatu wenye ugonjwa mmoja: sinema. Mimi, Ryan na Ruach. Ryan ni Mkenya mwenzangu, mwalimu wa hesabu, mtu wa kubisha hata ukimwambia jua limechomoza. Ruach ni wa hapa hapa, ila alilelewa Eldoret, na Sheng yake inanishinda mimi.

Kila Jumapili tukitoka kanisani tunakutana mtaa wa Lemon Gaba, kwa Aluel. Aluel anauza chai chini ya rakuba, kile kibanda cha miti na mkeka juu kinachozuia jua. Ni dada wa miaka thelathini hivi, si mtu wa maneno. Alikaa kambini Uganda miaka mingi, Kiswahili chake ni cha huko.

Jumapili hiyo hatukuwa na habari nyingine ila tuzo.

"Mwigizaji bora Severino! Wasee, hiyo ilikuwa haki kabisa," Ruach alisema hata kabla hajaketi.

"Haki gani?" Ryan akadakia. "Yule mama wa ile filamu ya harusi alilia mpaka mimi nikalia. Huyo Severino wenu alifanya nini? Alisimama barabarani akaongea polepole. Hata mimi naweza."

"Buda, wewe hujui sinema. Rudi kwa hesabu zako."

"Halafu yule mshereheshaji," nikaingilia, "kumwita mshindi kwa jina la mtu mwingine! Na stima ikapotea katikati ya hotuba! Severino akamalizia gizani, na bado watu wakalia."

"Hiyo ndiyo talanta," Ruach akasema. "Ngoja nimuonyeshe huyu mwalimu."

Filamu yenyewe inaitwa Lami. Inahusu basi lililotekwa kwenye barabara ya Nimule, ile iendayo Uganda, na Severino ndiye kamanda wa watekaji. Kuna mahali anawaamuru abiria wote wavue viatu, wavipange viwili viwili kando ya barabara. Mzee mmoja anauliza kwa nini. Kamanda anatabasamu kidogo, kama mtu anayemwonea huruma, halafu anamjibu kwa Kiarabu cha Juba:

"Mahal ita bi ruwa, shok mafi."

Mahali unakwenda hakuna miiba.

Ruach aliweka kile kipande kwenye simu, akaunganisha na spika yake ndogo. Sauti ikajaa rakuba yote.

Nyuma yetu glasi ikaanguka ikapasuka.

Aluel alikuwa amesimama na sinia mkononi, macho kwenye ile spika.

"Rudisha," alisema.

Ruach akacheka, akarudisha. Aluel akasikiliza.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu alifumba macho. Kisha akaniuliza taratibu, "Hii mutu iko wapi?"

Mimi nikadhani amekuwa shabiki mwenzetu. Jana yake nilikuwa nimepata namba ya Severino pale mapokezi, na asubuhi nilikuwa nimempigia kumwomba aje anywe chai na mashabiki wake. Nilitaka kuwashtua wenzangu. Sasa nikaona huo ndio wakati.

"Usijali, dada Aluel," nikasema kwa maringo. "Yuko njiani. Anakuja hapa hapa."

Ruach aliruka akanikumbatia. Hata Ryan alirekebisha kola.

Aluel akageuka. Alijaza birika kubwa maji, akaliweka juu ya makaa, akachukua upepeo akaanza kupepea moto.

Jamani, nilimwona. Nikafikiri anamwandalia mgeni.

Severino alifika kwa boda, tuzo yake ameifunga kwenye mfuko wa plastiki kama mtu aliyetoka kununua mkate. Mwembamba, mpole, anaangalia chini akiongea. Alitusalimia kwa mikono miwili. Alimsalimia na Aluel. Aluel hakuitikia.

Tulimrukia na maswali. Nani alimfundisha? Aliwaza nini alipoitwa jukwaani? Ryan akamwambia usoni kwamba tuzo haikuwa yake, Severino akacheka, akasema, "Hata mimi naona hivyo, mwalimu."

Kisha Ruach akaanza. "Bro, tupe ile laini ya kamanda. Mara moja tu."

"Hapana, ndugu yangu. Ile ilibaki kwenye kamera."

"Mara moja tu!"

"Ile kuisema nailipia," alijibu, na hakuwa anatania. "Nikiisema silali."

Tungemwacha. Mtu mwenye akili angemwacha. Lakini mimi nilikuwa nimeshatoa simu kurekodi, na nikasema, "Kaka, tafadhali. Kwa ajili yetu. Tumekupigania mtandaoni wiki nzima."

Akashusha pumzi. Akasimama. Uso wake ukabadilika, mabega yakapanda, na pale mbele yetu yule mpole akaondoka akaja mtu mwingine.

"Mahal ita bi ruwa..."

Hakumaliza.

Aluel alimmwagia birika lote usoni.

Ule ukelele sijawahi kuusikia kwa binadamu. Alianguka akigaragara, mikono usoni, na alipoitoa, ngozi ya shavu ilitoka nayo. Aluel akamfuata chini na birika lile lile tupu, anampiga nalo kichwani, mara moja, mbili, tatu, huku akilia.

"Hii mutu iliua dada yangu! Barabara ya Nimule! Mimi nalikuwa pale! Sauti yake najua! Iliua dada yangu!"

Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha boda. Walikuja wote, mmoja simu juu anarekodi. Hakuna aliyeuliza swali. Hapa Juba kila mtu ana ndugu yake aliyeuawa na watu wasiojulikana, na kwa mara ya kwanza mmoja wao alikuwa amejulikana, amelala chini, hana bunduki.

"Harami! Muuaji!"

Wa kwanza alikuja na mnyororo wa pikipiki. Ulimshukia mgongoni, shati likachanika na nyama chini yake. Mwingine akaja na fimbo. Mwingine akaokota jiwe la kuegeshea boda. Severino alijaribu kutambaa chini ya meza, wakamvuta miguu, na meza ikaja naye.

Ruach wetu, aliyekuwa anamwita mfalme nusu saa iliyopita, alimpiga teke la mbavu. Nilisikia kitu kikivunjika. Baadaye aliniambia kwamba baba yake alifia barabara ile ile, na kwamba mguu ulienda wenyewe.

Mtu pekee aliyeingia katikati alikuwa Ryan. Ryan, aliyesema hata yeye anaweza kuigiza vile. Alinyoosha mikono akapiga kelele, "Ni sinema! Jamani, ni sinema tu! Aliigiza!"

Fimbo ilimpata juu ya sikio. Akakaa chini kama mtoto, damu inamtiririka kwenye kola.

Ndipo jamaa mmoja mkubwa, panga mkononi, akanigeukia mimi.

"Wewe. Wanasema wewe ndiyo umemleta. Unamjua huyu?"

Watu kama ishirini wakanitazama.

Severino naye alikuwa ananitazama. Jicho moja lilikuwa limeziba, lile lingine lilikuwa wazi, na lilikuwa juu yangu. Alikuwa anasubiri.

Nilikuwa na namba yake kwenye simu. Nilikuwa nimempa ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo jana yake, nikamtakia heri, akanionyesha picha ya mama yake. Ningeweza kusema hayo yote.

"Simjui," nikasema. "Nimemwona leo tu."

Jamaa akageuka. Kilichofuata nilikisikia tu, maana niliangalia pembeni. Mlio wa jiwe kwenye uso wa mtu si mkubwa. Ni kama mtu kaangusha tikiti maji.

Nilipotazama tena, lile jicho lililokuwa linanitazama halikuwepo.

Yule jamaa akainua panga.

Na Severino, mdomo umejaa damu na meno, akasema jina.

"Alek."

Aluel alikuwa amesimama kando, birika mkononi. Akashtuka kama aliyechomwa.

"Alek," Severino akarudia. "Gauni la njano. Alisema... dada yake yuko nyuma ya basi."

Hakuna mtu pale aliyekuwa analijua jina hilo. Aluel hajawahi kulitaja, hata kwetu tunaokunywa chai yake kila wiki. Na mtekaji haulizi mtu jina.

Aluel alitupa birika akajirusha juu ya Severino kifudifudi. Fimbo iliyokuwa tayari hewani ilimshukia yeye, mkono wake ukavunjika, tuliuona umepinda mahali pasipo na kiungo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Khalas! Acha! Hii mutu ilikuwa na sisi! Ilikuwa ndani ya basi!"

Umati ukatulia. Kisha, mmoja mmoja, pikipiki zikawashwa. Dakika mbili baadaye kituo kilikuwa kitupu.

Tulimpakia kwenye raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu, kichwa chake kwenye mapaja ya Aluel, mkono wa Aluel uliovunjika unaning'inia, mwingine unazuia damu kwa kitambaa cha kufutia glasi. Ruach alisukuma raksha ilipokwama kwenye shimo. Alikuwa analia na kamasi zinamtoka.

Njiani Severino alieleza, vipande vipande. Miaka mitano iliyopita alikuwa abiria kwenye basi lile. Karibu na Nesitu watu wenye bunduki walilisimamisha, wakawalaza abiria kifudifudi, wakawavua viatu, na kamanda wao akasema yale maneno. Aluel alikuwa mwisho wa mstari, uso kwenye mchanga. Alisikia tu, hakuona. Severino alikuwa mbele, miguuni pa kamanda.

Mwenye filamu alipokuja kutafuta waigizaji, Severino aliomba nafasi ya kamanda mwenyewe. Yale maneno hayakuwa kwenye maandishi. Yeye ndiye aliyeyaweka.

"Nilitaka mtu ayasikie," alimwambia Aluel. "Mtu mmoja tu aje aniambie, hata mimi nilikuwepo."

Nilidhani simulizi imeishia hapo. Haikuishia.

Siku ya nne nilikwenda hospitalini. Jicho lilikuwa limetolewa, mbavu tatu zimefungwa, uso umepakwa dawa nyeupe. Ryan alikuwa ametoka siku iliyotangulia na nyuzi tisa kichwani. Nilimkuta Severino peke yake.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Akanitangulia.

"Jerioth, usiseme. Nilisikia ulivyojibu."

Nikaanza kulia.

"Nami nikuambie yangu," akasema. "Alek alikuwa amelala pembeni yangu. Wale watu walikuwa wanachagua wasichana wasio na mume wa kwenda nao porini. Akanishika mkono, akaninong'oneza jina lake ili nikiulizwa nilijue. Kamanda akaja, akauliza, huyu ni wako?"

Mashine fulani ilikuwa inalia wodi ya jirani.

"Nikasema simjui. Akanishika kwa nguvu, nikautoa mkono wangu. Walipomvuta alimng'ata mmoja wao. Wakampiga risasi pale pale, hatua tatu kutoka kwangu. Watu wanadhani niliigiza vizuri kwa sababu nilimwona muuaji. Jerioth, mimi sikuwa namwigiza yule. Nilikuwa namtafuta mtu wa kunipiga."

Nikauliza jambo la kijinga, ndilo lililonijia. "Aluel anajua?"

"Nimemwambia leo asubuhi. Alikuwa amekuja kunilisha uji, na mkono wake mmoja ule."

"Akasemaje?"

"Aliweka kijiko chini, akakaa muda mrefu. Nikajua sasa anaondoka. Halafu akakiokota, akamaliza kunilisha."

Jioni hiyo nilifuta kile nilichorekodi. Kisha nikakaa kuandika haya, kwa jina langu.

Neno "simjui" ni jepesi mdomoni, wala halitoki na damu. Lakini nimeliona likitoboa jicho la mtu, na kabla ya hapo lilishamzika msichana wa miaka kumi na tisa. Siku utakayoulizwa mbele ya watu wenye fimbo, na moyo unakudunda, sema unamjua.

Hata kama ni tangu jana.