Bundi wamehamia kwenye chimni ya mama mkwe wangu Koboko, na mimi mkwe siruhusiwi hata kuchungulia

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya siwezi.

Mimi niko Arua, Uganda, upande wa Onduparaka. Kazi yangu ni kujenga majiko ya matofali, yale yenye chimni ya kutoa moshi nje. Mke wangu, Kiden, ni Mkakwa wa Koboko.

Mama yake amepikia mafiga maisha yake yote, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Kifua kikachoka. Hospitali wakamwambia wazi kwamba akiendelea na moshi, hicho kifua hakitampeleka mbali.

Basi nikamjengea jiko. Chimni pana, inapinda kidogo halafu inatokeza juu ya paa. Mdomoni nikafunga wavu wa waya ili ndege wasiingie. Kikohozi kikapungua sana. Nikajiona mkwe wa maana.

Sasa ngoja nieleze jambo moja kwa wale wa mbali, maana bila hilo hamtaelewa kilichonitesa.

Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana hasa. Siingii jikoni kwake. Sipandi paa lake. Hatuzungumzi ana kwa ana mambo ya hivi hivi. Hata wakati najenga, yeye alihamia kwa ndugu zake huko Midia mpaka nilipomaliza. Kazi yote nilimwelekeza shemeji yangu Taban, mdogo wake Kiden, anayeishi na mama: hapa unatoa masizi, hapa unaingiza kuni. Yeye ndiye angemweleza mama.

Kumbukeni hilo.

Mvua zikaja. Mama akaenda Midia kwenye msiba, akakaa huko zaidi ya mwezi, mpaka watu wakatawanyika. Muda wote huo jiko lilikuwa baridi. Aliporudi akawasha moto, moshi wote ukarudi ndani. Halafu chimni yenyewe ikaanza kutoa sauti. Shhhhh. Ikinyamaza, inaanza tena.

Taban akanipigia. "Shemeji, jiko yako iko na nyoka."

"Nyoka gani wa kukaa kwenye chimni?"

"Mimi nasema vile nasikia."

Kesho yake akapiga tena. "Shemeji, haiko nyoka. Majirani wanasema iko mutu ametuma kitu."

Nikamwomba apande aangalie tu. Akasema mguu unamuuma. Nyuma yake kwenye simu nikasikia mama anakohoa, kile kikohozi cha zamani. Alikuwa amesharudi kwenye kijumba na mafiga yake.

Hapo nikamchukua Kiden tukaenda Koboko.

Wakuu, kama hamjawahi kutengeneza kitu bila kukigusa, hamjui uchungu. Nimekaa barazani. Mama yuko ndani, nyuma ya pazia, ananisikia na mimi namsikia. Kiden amesimama katikati kama mkalimani.

"Mwambie mume wako jiko yake imenikataa."

"Mama anasema jiko limemkataa."

"Nimesikia. Mwambie mama jiko halina shida, kuna kitu kimeziba."

"Anasema kuna kitu kimeziba."

"Nimesikia. Mimi siko kiziwi, niko mgonjwa ya kifua."

Taban ilibidi apande. Mguu ulipona ghafla dada yake alipomwangalia. Nikampa simu yangu nimeifunga kwenye mti mrefu, aishushe ndani ya chimni irekodi video.

Akateremka mbio, karibu aangukie ndoo.

Tukatazama video. Pale chimni inapopinda, nilipoacha kijukwaa cha kukusanyia masizi, kulikuwa na bundi. Yule mwenye uso mweupe kama sahani. Chini yake makinda, meupe kama pamba, yanafungua midomo na kufanya shhhhh.

"Si nilisema?" Taban akasema. "Ndege hii si ya kuchezea. Tuchome tairi na pilipili chini, yote itakufa."

Nikavuta pumzi nikamweleza polepole, maana kueleza wateja ni sehemu ya kazi yangu. Makinda hayajui kuruka. Ukiwachoma watafia humo humo, wataoza juu ya sufuria ya mama yako. Na huyo bundi hajatumwa na mtu. Anakula panya, na panya ndio wanaomaliza mtama wenu. Manyoya yakikomaa, wataondoka wenyewe. Tusubiri.

"Na mama apike wapi?"

Kiden akasema mama aje kwetu Arua. Kutoka nyuma ya pazia: "Nilale nyumba ya mkwe? Bora hiyo bundi."

Basi nikanunua sigiri, mama awe anapikia mkaa barazani kwenye hewa. Alikubali, kwa kununa. Majirani walicheka kwamba fundi wa Arua amejengea ndege nyumba.

Kilichokuwa kinaniwasha ni kingine. Wavu wangu uko wapi? Niliufunga mwenyewe kwa koleo. Bundi hana koleo.

Nikamuuliza Taban. "Upepo, shemeji."

Kiden akamuuliza mama. Kutoka nyuma ya pazia: "Mwambie upepo."

Tulipoondoka mama alitupa mfuko wa kumbikumbi wakavu. Nisiwe mnafiki, walikuwa watamu ajabu. Wamekauka sawasawa, hakuna mchanga hata chembe. Nilikula njia nzima mpaka Arua huku nalaumu upepo.

Siku Taban aliposema makinda yameruka, tukarudi na wavu mpya. Nikazunguka nyuma ya nyumba kumtafutia Taban ngazi.

Pale, juu ya matofali, kulikuwa na wavu wangu. Vifundo vyangu vya waya bado viko pembeni. Juu yake kumbikumbi wametandazwa, wanaota jua.

Mama alikuwa kando, anawageuza. Akaniona. Nikaona kwamba ameniona. Wote tukaangalia chini.

Akamwita Kiden, ingawa Kiden alikuwa mbali kuliko mimi. "Mwambie mume wako kumbikumbi ya mwaka huu imekauka vizuri."

"Mwambie mama nimewala, nimewasifu."

Taban nilimshika pembeni. Akakiri kwamba ni yeye aliyeushusha. "Shemeji, mama alisema leta ile waya, hapo juu haina kazi. Ningesema nini? Na wewe ningekuambia mama amevunja chimni yako?"

Na kumweleza mama wavu ni wa nini? Alisahau.

Wakuu, nilikasirika, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini. Mama hakutaka kuniaibisha, mimi sikutaka kumhoji, na bundi akapata nyumba kwa heshima yetu.

Siku hiyo Taban alisafisha chimni na kufunga wavu mpya. Mimi nikautengenezea ule wa zamani fremu yenye miguu, uwe wa kumbikumbi tu. Kisha nikakaa barazani nikamweleza Kiden, kwa sauti ya kusikika vizuri nyuma ya pazia, kila sehemu ya jiko ina kazi gani.

Mama amerudi jikoni kwake. Juzi amepiga simu, na alimaliza salamu zote bila kukohoa.

Nilichojifunza: ukimjengea mtu kitu, hakikisha maelezo yanamfikia yeye anayekitumia, hata kama ni kupitia pazia. Usimwachie shemeji.

Nanyi wenye wakwe, mnafikishaje ujumbe mgumu huko kwenu? Na kama kuna aliyewahi kuishi na bundi kwenye chimni, aniambie: huwa wanarudi msimu unaofuata? Nimesikia sauti juu ya paa langu mwenyewe hapa Arua.