Vidole Kumi Mbele ya Kioo

Binti yangu ana vidole kumi. Nilivihesabu siku aliyozaliwa, na muuguzi alipogeuka nikavihesabu tena, maana hospitali ni kama soko: usipokagua mzigo kabla ya kuondoka, baadaye utamlalamikia nani? Miaka ishirini na mitano baadaye, katika ofisi moja ya Nairobi inayopokea maombi ya viza, mashine ndogo yenye kioo cha kijani ilisema vidole hivyo havipo.

"Havisomi," alisema msichana wa kaunta. Alimpa binti yangu kitambaa chenye dawa akamwambia afute, aweke tena. Akaweka. Kioo kikawaka, kikafikiri, kikazima.

"Bonyeza kidogo. Sasa usibonyeze sana. Dada, unafanya kazi gani?"

"Namenya viazi."

Msichana alinitazama mimi, kama anayejua viazi ni vya nani.

Vilikuwa vyangu. Nauza viazi Nakuru, kwa gunia na kwa ndoo, na wenye vibanda vya chipsi nawapelekea vikiwa vimemenywa tayari. Binti yangu alisomea udongo chuoni, akapata digrii, akangoja kazi miaka miwili. Kungoja hakulipi, kwa hiyo akakaa kwenye benchi langu na kisu, mikono ndani ya maji tangu asubuhi. Kisha chuo kimoja cha ng'ambo kikamwandikia kwamba kimempa nafasi ya shahada ya pili, ya udongo huohuo, na karo kitalipa chenyewe. Sharti ni awe darasani Jumatatu ya kwanza ya muhula. Asipofika, nafasi inaenda kwa mwingine. Niliisoma barua mara mbili nikitafuta mahali pa kupunguziwa. Hapakuwepo.

Nchi yenyewe siitaji jina. Mtoto yuko kwao, na mimi si mtu wa kumsema mnunuzi vibaya mzigo ukiwa bado kwenye lori lake.

Wa kwanza kwetu kwenda kusoma huko alikuwa mjomba wangu, kaka ya mama. Mimi nilikuwa nang'oka meno ya utoto. Sasa yeye ni mzee wa mtaa wa Milimani, nyumba yake ina geti linalojifungua lenyewe, na aliposikia habari ya binti yangu alituita kwake atupe ushauri.

"Mimi nilibeba barua tatu," akasema. "Ya chuo, ya chifu na ya mchungaji. Mzungu wa ubalozini akaniagizia chai. Akaniuliza, 'Utarudi?' Nikamwambia, 'Na ng'ombe wangu nimwachie nani?' Akacheka, akagonga muhuri. Wewe pia mwambie habari ya ng'ombe."

"Guka, hakuna mzungu," binti yangu akamwambia babu yake huyo. "Ni fomu ya kompyuta."

"Basi iambie kompyuta."

Mdogo wangu wa kiume alijaribu miaka mingi baada ya mjomba. Chai ilikuwa imeisha. Alisimama mbele ya dirisha la kioo kinene, na faili lenye hati ya shamba la baba kule Kuresoi, kipande kilichokatwa kutoka kwa shamba la mzungu wa zamani. Sauti ikamuuliza kutoka kwenye kipaza sauti: nani atakulipia? Baba. Baba ana nini? Viazi. Anasema aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni aliinama kufunga kamba za kiatu, na alipoinuka, mdogo wangu alikuwa ameshakataliwa. Alirudi nyumbani, akalima shamba lile lile, na viazi vyake ndivyo ninavyouza hadi leo. Ukimkumbusha anasema, "Walinikataa kwa ajili ya viazi, nami nikavioa."

Kwa hiyo nilidhani najua tunakoingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa chai, na nilikuwa nimejiandaa kwa dirisha. Sikujiandaa kukosa mtu kabisa. Nimeshindana bei na madalali, na askari wa kaunti, na mchungaji mmoja aliyetaka viazi vya harusi kwa bei ya msiba. Wote wana macho, na macho husema bei ya mwisho kabla ya mdomo. Kurasa za mtandaoni za nchi ile hazina macho. Unajaza, unabofya, unangoja.

Nikafanya ninachojua kufanya. Kila Jumatatu nilimtuma binti yangu kwenye saiba, kwenye kompyuta za kulipia, akachapishe kanuni za viza ya mwanafunzi, zote, hata kama alikuwa amezichapisha Jumatatu iliyopita.

"Mum, ni zile zile."

"Lete."

Naziweka kwenye meza, za zamani kushoto na mpya kulia, nashuka na kidole mstari kwa mstari. Mara ya tatu nikakuta kiasi cha pesa kinachopaswa kulala benki karibu mwezi mzima bila kuguswa kimepanda. Baada ya hapo nikakuta kwamba zamani mwanafunzi wa masomo kama yake angeweza kwenda na mume na mtoto, sasa hawezi. Kisha muda wa kubaki kutafuta kazi baada ya masomo ukawa mfupi kuliko Jumatatu iliyotangulia.

"Hii si sheria," nikamwambia. "Hii ni bei ya viazi."

"Ni sera, Mum."

"Nani anaibadilisha?"

"Serikali yao. Wanaangalia watu wangapi wameingia, wanakaza. Wakikosa wanafunzi, wanalegeza."

Bei ya viazi naielewa, mvua ikinyesha Kuresoi najua wiki mbili mbele nitauza vipi. Lakini kwamba kuna chumba mahali fulani ambamo watu wasiojua kama kuna Kuresoi wanafuta neno moja na kuandika lingine, na asubuhi yake mimi hapa Nakuru navua gamubuti kwenda benki tena. Hilo lilinipa ubaridi mgongoni. Si hasira. Ni vile unavyosimama ukingoni mwa kreta ya Menengai na kuona shimo lile lote, na kujua halikuchimbwa kwa ajili yako.

Wakataka na picha ya kifua, wahakikishe hana kifua kikuu. Nilimwambia mjomba: wewe waliuliza nia yako, mdogo wangu wakauliza mali yake, huyu wanamwangalia mapafu. Mjomba akatikisa kichwa. "Tulikuwa rahisi," akasema.

Yote hayo tuliyapita. Tulikwama kwenye vidole.

Msichana wa kaunta hakuwa mbaya. Alijaribu mara sita, nilihesabu. Vidole vitatu vilikubali, saba vikakataa. Nikajaribu njia ya nyumbani.

"Boss, chukua hivyo vitatu, hivi vingine tutaleta."

"Mathe, haikubali. Mashine inataka vyote."

"Basi chukua vyangu. Mimi ni mama yake."

Hapo akacheka hadi akafunika mdomo. Kisha akasema polepole, kama daktari: alama za vidole zimesuguliwa na kisu na maji, lakini ngozi hukua. Apumzishe mikono, apake mafuta mazito, arudi. Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya siku kumi na sita. Nilihesabu kwa kalenda ya simu, nikahesabu tena kwa vidole vyangu mwenyewe. Zikijumlishwa na siku za kungoja jibu, angefika darasani akiwa na siku nne mkononi. Ikikataa mara ya pili, hakuna Jumatatu.

Tukirudi Nakuru tulipita karibu na Elmenteita, pale vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi linapopaka majani ya kando ya barabara.

"Tulikuja makumbusho ya hapa darasa la sita," binti yangu akasema. "Tuliona mashoka ya mawe. Mwalimu alisema ni ya watu wa zamani sana, kabla ya watu kuwa watu vizuri."

"Na?"

"Wao kazi ya mikono yao bado inaonekana." Aligeuza viganja vyake juu ya magoti. "Mimi yangu imefutika kwa miaka miwili."

Kwa miaka yote nilikuwa nikijisifu kwamba viazi ndivyo vilivyomsomesha, na ni kweli. Sikuwahi kuuliza vilikuwa vinachukua nini upande wa pili wa mizani.

Kesho yake nilinunua mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe, mkebe mkubwa. Kwetu kule Kuresoi kila mtu anayapaka mikononi wakati wa baridi, na hakuna anayejivunia. Nikatangaza sheria nyumbani: binti yangu haoshi sufuria, hafui, hamenyi, hashiki jembe wala kamba. Analala na soksi mikononi. Wateja waliokuja wakamkuta amekaa kwenye benchi, viganja juu, kama anayeombewa.

"Niaje, bibi harusi?" mwenye kibanda cha chipsi akamtania.

"Niko kazini," akajibu. "Naotesha vidole."

Kisu nikakishika mimi. Nilikuwa nimekiacha miaka mingi, nikiwa mwenye kuhesabu magunia na kupiga simu. Gunia la kwanza lilinimaliza mgongo. La pili nikakumbuka. Kila jioni alikuja na kurunzi ya simu, tukaangalia kidole gumba chake cha kulia. Siku ya tano hapakuwa na kitu. Siku ya tisa mwanga ulipolala kwa upande, nikaona mistari, myembamba, inazunguka kama matuta ya shamba la mlimani ukiliangalia kutoka ng'ambo ya bonde. Mimi ndiye niliyezaa mkono ule, na sikujua kama una kitu cha namna hiyo. Kila kidole na matuta yake, hakuna viwili vinavyofanana, na hakuna aliyeyalima.

Siku ya kumi na sita msichana alikuwa yule yule. Vinne vya kulia: kioo kikawaka, kikapiga mlio mdogo. Vinne vya kushoto. Kisha vidole gumba viwili pamoja. Mlio.

"Vimekubali," akasema. "Vyote."

"Hesabu tena," nikasema.

Akahesabu, kwa heshima.

Viza ilikuja siku mbili kabla ya siku ya jibu niliyoizungushia kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Usiniulize kwa nini. Sheria ilimruhusu apite, kama ambavyo ingeweza kumzuia, na hakuna niliyemshukuru kwa sababu hakuna aliyejitokeza. Siku hiyo hiyo alisimama kwenye sinki kuosha vikombe kwa furaha, nikamfukuza.

"Mum, si imeshatoka?"

"Na huko mlangoni kwao hawatakupima vidole tena?"

Alikuwa amesahau. Mimi kanuni hiyo nilikuwa nimeisoma, upande wa kulia wa meza, mstari wa chini. Akarudi kwenye benchi na mkebe wake hadi siku ya kuondoka.

Asubuhi aliyotarajiwa kutua nilikuwa sokoni na ndoo tatu za kumenya. Simu ikalia mfukoni mara moja, ujumbe. Nikafuta mkono kwa kanga, nikaweka kidole gumba mahali pa kuifungua. Ikatikisika, ikakataa. Nikafuta tena, nikaweka tena. Ikakataa. Nikajaribu cha mkono wa pili. Nilikuwa nimemenya viazi kwa wiki nne, na simu yangu mwenyewe haikujua mimi ni nani.

Nikaingiza nambari za siri, polepole, moja moja.

"Nimepita, Mum. Niliweka vidole kwenye kioo na mashine ikajua ni mimi. Vyote kumi."

Niliusoma mara mbili. Kisha nikachukua kisu, maana ndoo ya tatu ilikuwa ya yule wa chipsi, na saa nne huwa anaipigia kelele.