Moto Chini ya Matuta ya Mollo

Mimi darasa la nne sikulimaliza, na sisemi hivyo kwa aibu. Waliomaliza vyuo wanakuja Mollo kunipigia hodi, wanataka kujua nilianzaje. Nilianza na jembe moja na ng'ombe wa kuazima. Leo nina ekari ishirini za mipaini, nimeipanda kwa mikono hii, imebakiza miaka miwili iwe mbao. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaninyima usingizi: moto wa kiangazi. Huku Ufipa nyasi zikishakauka, upepo wa mchana hauulizi shamba la nani.

Ndiyo maana siku nilipomwona mama mmoja kule Laela akipulizia mahindi dawa ya viwavi kwa droni, nilizima pikipiki palepale. Dawa si maji tu? Kama inamwagia viwavi, moto itashindwaje? Nikamuuliza maswali mpaka akacheka. Inaona? Upepo hauitupi? Akasema anazo mbili: kubwa ya tangi, na ndogo yenye kamera inayoona joto, ya kukagulia mashamba.

"Ila hiyo kubwa inabeba lita kumi na sita, baba. Hayo ni maji ya kuoga wewe na mkeo."

"Sisi tunaoga kwa lita tano. Kiangazi njoo tujaribu."

Mwezi wa tisa akaja na gari na kijana wake wa kazi, kutoka kwake Malangali ya hukuhuku Ufipa. Mahali pa kujaribia nilichagua mwenyewe: shamba langu la matuta, linalopakana na mipaini. Upande ule sikuwahi kulima barabara ya moto, ule ukanda usio na nyasi wa kuuzuia usivuke. Niliona udongo mtupu unatosha, na niliwaambia wengi hivyo.

Jirani yangu mfugaji, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake zamani, alikuja akaegemea fimbo. Kila moto ukitokea mimi ndiye huwa wa kwanza kumuuliza nani kawasha.

"Leo nimekuja kuuona moto wa Mfipa," akasema.

"Utauona ukifa," nikamwambia.

Nikakusanya mabua ya maharage juu ya tuta, nikawasha. Droni kubwa ikapaa kwa kelele kama mashine ya kusaga, ikasimama juu ya moshi, ikamwaga. Moto ukafa. Nilicheka, nikampa jirani mkono kama mtu aliyeshinda kesi, tukaenda kula.

Hatujamaliza ugali jirani akanyoosha kidole. Moshi ulikuwa unatoka kwenye tuta lingine, hatua kama kumi kutoka lile la kwanza, karibu zaidi na mipaini.

Nikajua. Matuta yetu ya Kifipa ni ya mviringo, tunayaita ntumba: unalaza nyasi, unazifunika udongo, zioze ziwe mbolea. Mimi nimeyapiga tangu sijaota ndevu. Lakini mwaka ule mvua zilikatika mapema, nyasi zikakaukia humo ndani. Nilikuwa nimewasha moto juu ya ghala la nyasi kavu, nikaliita udongo, na cheche zikaingia matuta mengine.

Mama wa droni akarusha ile ndogo. Tukainamia kioo cha rimoti yake. Shamba lote lilikuwa la kijivu, na ndani yake matuta saba yaking'aa meupe kama mayai. Kwa macho nilikuwa naona matatu tu yakitoa moshi.

"Mwagia," nikasema.

"Maji hayafiki ndani, baba. Yapasue."

Nikachukua jembe. Jirani akaacha fimbo, akachukua la pili. Mama alisimama na kioo chake akituelekeza: "La kushoto. Siyo hilo, hilo limepoa. Linalofuata." Tukipasua, makaa yanaruka, kijana wake anaishusha ile kubwa kumwagia, anairudisha kuijaza. La saba upepo ulituwahi. Mistari miwili ya mipaini iliungua, tukaupiga moto kwa matawi mabichi mpaka ukalala.

"Safari hii utamuuliza nani kawasha?" jirani akauliza, akijifuta jasho.

Nikamgeukia mama. Kwa nini jicho na tangi visikae kwenye droni moja? Akasema za namna hiyo zinakuja, na kubwa zaidi. Je, zitakuja nyingi, moja ione, nyingine imwage, bila mtu kushika rimoti? Huenda. Na ya kushika jembe? Akanitazama, akasema hiyo hajaisikia.

Alikuwa anafunga mizigo. Nikamwomba alale kwetu, asubuhi aangalie tena. Akairusha ile ndogo jua likichomoza, udongo ukiwa na baridi. Kioo chote kilikuwa kijivu, isipokuwa nukta moja nyeupe chini ya mpaini mmoja ambao haukuungua, ambapo mimi sikuona hata uzi wa moshi.

"Una hakika?" nikamuuliza.

"Chimba, baba."

Nilichimba mpaka kiwiko. Mzizi ulikuwa mwekundu kama kaa la moto.